AFRICACRYPT ni mkutano mdogo kwa kipimo gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya usalama wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Mombasa. Nimebuni njia mpya ya kusimba picha za eksirei kwa kuchanganya AES, njia ya kusimba iliyozoeleka, na hesabu za keosi, zile ambazo matokeo yake huonekana kama vurugu, na ningependa kuipeleka AFRICACRYPT, mkutano wa kriptografia (elimu ya kulinda taarifa kwa kuzisimba). Msimamizi wangu asema huo ni mkutano mdogo usio na athari, afadhali nitafute jarida. Mwenzangu naye ashikilia kwamba ndio mkutano wa Afrika wenye jina katika fani hii. Nani mkweli? Na nitajuaje utafiti wa kriptografia unaelekea wapi, nisije nikapoteza miaka miwili bure? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mawili, lakini lililo zito zaidi hukuliuliza, nalo ni hiyo njia yako ya keosi. Tutafika huko, na nakuomba usinikasirikie.

Tuanze na ubishi wa msimamizi na mwenzako. Ukiipanga mikutano ya kriptografia kwa ngazi, juu kabisa kuna mitatu ya chama cha kimataifa cha watafiti wa fani hii, IACR: CRYPTO, ulioanza 1981 huko Santa Barbara, California, EUROCRYPT, ambao chimbuko lake ni mkusanyiko wa 1982 katika ngome ya Burg Feuerstein, Ujerumani, na ASIACRYPT, uliokuja miaka ya 1990. Kisha kuna ya matawi, kama CHES wa vifaa na PKC wa funguo za umma. AFRICACRYPT ulizaliwa Casablanca, Juni 2008. Si mkutano wa IACR wenyewe, ila huandaliwa kwa ushirikiano nao, na vitabu vyake huchapishwa na Springer. Kwa ngazi, basi, msimamizi wako hajakosea: si wa safu ya mbele. Alipoteleza ni pale alipotoka kwenye ngazi akarukia athari, kana kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja.

Athari haigawanywi sawasawa. Katika mkutano wowote, hata CRYPTO, makala chache hubeba jina la mwaka mzima, na nyingi husomwa na walioziandika na wanafunzi wao. Ndiyo maana wastani wa manukuu haukufundishi kitu. Mimi nikitaka kujua mkutano una uzito gani, nachukua makala moja naifuata hadi mahali inapoishi leo.

Tufanye hivyo. Keti mbele ya kompyuta yenye Linux, andika ssh-keygen, amri ya kutengeneza ufunguo wa kuingilia kompyuta ya mbali, bonyeza Enter. Ikiwa OpenSSH yako, programu yenye amri hiyo, ni toleo la 9.5, la Oktoba 2023, au la baadaye, faili litakalopendekezwa litaitwa id_ed25519, yaani ufunguo wa aina ya Ed25519. Huo ndio ufunguo wanaoutumia wasimamizi wa seva dunia nzima, na nusu ya hesabu yake ilisomwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza Casablanca 2008.

Mwaka 2007 mwanahisabati Mmarekani Harold Edwards alichapisha umbo jipya la kuandika mikunjo ya eliptiki, mistari ya kihesabu ambayo nukta zake hujumlishwa ili kutengenezea funguo. Mwaka uleule, katika ASIACRYPT, Daniel Bernstein na Tanja Lange wakaonyesha faida yake kwa kriptografia. Kwenye maumbo ya zamani, kujumlisha nukta mbili tofauti kuna fomula yake, na kujumlisha nukta na nafsi yake kuna nyingine. Programu inabidi ijiulize kila hatua: hizi ni mbili au ni moja? Kila inapojiuliza, muda wa kazi unabadilika kidogo, na tangu Paul Kocher atoe makala yake CRYPTO 1996 tunajua kwamba mwenye saa nzuri anaweza kuusoma ufunguo wa siri kwa kupima muda tu. Umbo la Edwards, ukilichagulia namba zake vizuri, lina fomula moja kwa hali zote. Hakuna swali la kuuliza, kwa hiyo hakuna jibu la kuvuja.

Kasoro ilikuwa kwamba mikunjo mingi haikuingia katika umbo hilo. Makala ya Casablanca, ya Bernstein, Peter Birkner, Marc Joye, Lange na Christiane Peters, iliongeza herufi moja: badala ya x² + y² = 1 + dx²y², wakaandika ax² + y² = 1 + dx²y². Kwa herufi hiyo moja, a, wakathibitisha kwamba familia mpya inalingana na mikunjo yote ya umbo la Montgomery, ukiwemo Curve25519 ambao Bernstein alikuwa ameutoa 2006. Mwaka 2011, yeye na wenzake wakaweka a = −1, wakafanya hesabu juu ya namba tasa 2²⁵⁵ − 19, wakapata Ed25519: ufunguo wa umma wa baiti 32, saini ya kidijitali ya baiti 64. OpenSSH ikauingiza Januari 2014, na Februari 2023 serikali ya Marekani ikaukubali katika kiwango chake cha saini, FIPS 186-5. Mkutano uliozaa kitu hicho, tena katika mwaka wake wa kwanza, huwezi kuuita usio na athari.

Hata hivyo nisikufurahishe kupita kiasi. Waandishi wote watano walikuwa wakifanya kazi Ulaya na Marekani. Mkutano ulikuwa Afrika, makala ilitoka ng'ambo. Ukitaka kuona Waafrika wakiwa uwanjani, fuata kisa cha pili, ambacho mimi nakipenda zaidi kwa kuwa ndani yake watu wanavunjiana kazi.

Mwaka 1978 Robert McEliece alibuni usimbaji unaotegemea misimbo ya kurekebisha makosa. Hadi leo hakuna aliyeuvunja kimsingi, na kompyuta ya kwanta, mashine inayohofiwa kwamba itavunja funguo nyingi za leo, haiupi tabu kubwa. Ubaya wake ni ukubwa: ufunguo mdogo kabisa wa umma katika toleo lake la sasa, Classic McEliece, una baiti 261,120. Katika AFRICACRYPT 2009, Gammarth, Tunisia, Berger, Cayrel, Gaborit na Otmani walipendekeza kutumia misimbo ambayo safu yake moja, ukiizungusha, inakupa safu zinazofuata. Hivyo huhitaji kuhifadhi jedwali zima. Funguo zikashuka hadi kati ya biti 6,800 na 20,000. Watu wakashangilia.

Mwaka mmoja baadaye, EUROCRYPT 2010, Faugère, Otmani, Perret na Tillich wakaonyesha kwamba mpangilio uleule uliopunguza ufunguo unamwachia adui milinganyo ya kutosha kuukokotoa ufunguo wa siri. Walishambulia pendekezo hilo pamoja na jingine linalofanana nalo. Karibu mifano yote ilianguka chini ya sekunde 1. Ufunguo mmoja, uliokusudiwa kuwa na usalama wa biti 256, ulipatikana kwa sekunde 0.06. Sasa yatazame majina tena. Otmani yuko pande zote mbili. Aliyejenga ndiye aliyesaidia kubomoa, na katika fani yetu hiyo ni heshima.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2017, shirika la viwango la Marekani, NIST, lilipopokea mapendekezo ya kriptografia ya kuhimili kompyuta za kwanta, kundi lililokuwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop, Dakar, lilipeleka DAGS, mfumo wa ukoo huohuo wa misimbo yenye mpangilio. Mwaka 2018 Barelli na Couvreur wakaushambulia, na haukuvuka raundi ya kwanza. Lakini Machi 2025 NIST ilichagua HQC, ambao nao unatumia misimbo ya kuzunguka, na ufunguo wake mdogo wa umma una baiti zipatazo 2,240. Tofauti ni kwamba HQC hautegemei kuuficha mpangilio wa msimbo. Msimbo wa kurekebisha makosa uko wazi kwa kila mtu. Miongoni mwa waliouunda yumo Gaborit wa Gammarth, na yumo Persichetti aliyekuwa katika kundi la DAGS. Miaka 16, mapigo mawili makali, na wazo likasimama. Ungehesabu manukuu ya makala ya 2009 peke yake, ungesema ni makala iliyovunjwa, basi.

Sasa mielekeo. Njia yangu ni rahisi mno hata naona haya kuiita mbinu: chukua majedwali ya yaliyomo ya vitabu vya AFRICACRYPT, uyaweke sambamba, usome vichwa vya sehemu tu. Kitabu cha 2008 kina AES, itifaki za RFID (vitambulisho vya redio), saifa za mtiririko (njia za kusimba data kadiri inavyopita), heshi (alama fupi ya kutambulisha faili). Vya miaka hii vimejaa latisi (gridi za nukta), misimbo, isojeni (ramani kati ya mikunjo ya eliptiki), mashambulizi ya njia za pembeni (kama kupima muda au umeme), usimbaji wa homomofiki (kukokotoa data bila kuifungua). Kisha, kwa kila mada iliyovimba ghafla, uliza ni nani alitoa mwito miaka miwili mitatu kabla. Mwaka 2008 mradi wa Ulaya wa saifa za mtiririko, eSTREAM, ulikuwa unafungwa, na NIST ilikuwa imetangaza shindano la kutafuta heshi mpya, SHA-3, Novemba 2007. Ndiyo sababu kila mtu alikuwa na heshi. Desemba 2016 NIST ikatoa mwito wa kriptografia ya baada ya kwanta. Mapendekezo 69 yakapokelewa kwa raundi ya kwanza, washindi wa kwanza wakatajwa Julai 2022, viwango FIPS 203 (cha kubadilishana funguo), 204 na 205 (vya saini) vikatoka tarehe 13 Agosti 2024. Watafiti hupenda kujiona kama wanafuata udadisi wao. Majedwali ya yaliyomo yanasema wanafuata mashindano, na mkutano mdogo huliakisi hilo upesi zaidi kuliko mkubwa.

Haraka yote hiyo ni ya nini ilhali kompyuta kubwa ya kwanta haijapatikana? Mtu wa Mombasa hahitaji maelezo marefu. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua hapa 2009, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya nchi, pamoja na ya majirani zetu, yakaanza kupita chini ya bahari hii. Anayeweza kuyanasa leo anaweza kuyahifadhi akayafungua miaka 15 ijayo. Kwa hiyo kubadilishana funguo ndiko kulikoharakishwa kwanza. Saini haina hatari hiyo: huwezi kurudi nyuma ukaghushi saini iliyokwisha kukaguliwa.

Nakuonya jambo moja kuhusu kufuata wimbi. Hadi Julai 2022, isojeni za aina ya SIDH zilikuwa mada tamu, na mfumo wa SIKE, uliojengwa juu yake, ulikuwa umefika raundi ya nne ya NIST. Wouter Castryck na Thomas Decru wakaja na shambulio linalouvunja kwa takriban saa moja kwenye kiini kimoja cha kompyuta ya kawaida. Fikiria mwanafunzi wa uzamivu aliyekuwa amejenga tasnifu yake juu ya SIKE. Isojeni zenyewe hazikufa, na hesabu iliyoivunja SIKE sasa inatumika kujengea saini mpya, lakini mwenye miaka miwili tu hana nafasi ya kungoja.

Nimefika kwenye keosi. Usipeleke.

AES, ukiitumia kwa namna iliyokubalika kama GCM, inasimba picha ya eksirei sawa na inavyosimba faili jingine lolote. Kwake baiti ni baiti. Ukiongeza keosi juu yake unaongeza kazi bila kuongeza usalama unaoweza kuuthibitisha, kwani mifumo hiyo hutegemea namba halisi zisizo na mwisho, na kompyuta huzikata hadi biti chache, mwishowe mzunguko unajirudia. Halafu kuna vile vipimo ambavyo makala za namna hii hutegemea. Nakuhakikishia sura yako ya nne ina histogramu bapa na jedwali la uhusiano wa pikseli jirani likikaribia sifuri. Jaribu hili leo jioni: tengeneza mfuatano mmoja wa baiti za nasibu, uuhifadhi, kisha uutumie uleule kwa XOR (kuchanganya biti kwa biti) kusimba kila picha uliyo nayo. Histogramu itakuwa bapa, uhusiano utakuwa sifuri, na yeyote mwenye picha moja ya asili pamoja na nakala yake iliyosimbwa atazifungua picha zote zilizobaki. Vipimo hivyo havioni kosa hilo. Wahakiki wa AFRICACRYPT wanalijua, na makala yako itarudi na mistari mitatu. Yapo majarida yatakayoipokea, mengine yenye jina zuri tu, na hapo ndipo penye mtego.

Badala ya kubuni saifa, pima zilizopo mahali ambapo wenzetu wa Ulaya hawana sababu ya kupapima. Nikupe mfano. Huku kwetu taarifa nyingi bado husafiri kwa SMS: mita ya maji Kisauni, zahanati ya kijijini Kwale ambako data inakatika. SMS moja hubeba baiti 140. Saini ya Ed25519 ina 64, kwa hiyo zinakubakia 76 za ujumbe. Sasa chukua ML-DSA-44, saini ndogo kuliko zote za FIPS 204: baiti 2,420. SMS zinazounganishwa hupoteza baiti 6 kila moja kwa kichwa chake, zinabaki 134, kwa hiyo saini peke yake inahitaji SMS 19. Saini ndogo kabisa ya FIPS 205, yenye baiti 7,856, inataka 59. Falcon-512, saini nyingine iliyochaguliwa na NIST, ina baiti 666: SMS 5, na katika hizo tano zinabaki baiti 4 kwa ujumbe wenyewe! Isitoshe, Falcon hupiga hesabu za desimali za usahihi maradufu ambazo kichakataji kidogo kama Cortex-M4 hakina kifaa chake, inabidi ziigizwe kwa programu, na papo hapo kuna hatari ya kuvuja.

Hapo una tasnifu. Je, mita inahitaji saini kweli, au HMAC ya baiti 16, yaani muhuri unaotengenezwa kwa ufunguo ambao pande zote mbili wanao, na ambao hautishwi na kompyuta ya kwanta, inatosha? Ikitosha, ufunguo wa pamoja utafikaje ndani ya mita, na utabadilishwaje mtu akiiba mita moja? Saini ikihitajika mara moja kwa mwezi tu, gharama inakuwaje? Pima muda, kumbukumbu na umeme kwenye bodi halisi. Programu za kuanzia za Cortex-M4 ziko wazi katika mradi wa pqm4. Hiyo ni kazi ambayo AFRICACRYPT inaweza kuipokea. Na kama utagundua kwamba utekelezaji fulani unavuja kwa muda au kwa umeme, unaweza kuthubutu hata kulenga CHES.

Kuhusu jarida, msimamizi wako ana hoja ya kiofisi. Vyuo vyetu vingi huhesabu makala za jarida, wakati katika kriptografia mkutano ndio wenye heshima kuu. Lipo la katikati. Kazi za FSE, mkutano wa IACR wa saifa za ufunguo mmoja, na za CHES hutoka kama majarida ya IACR yenyewe, na 2024 chama hicho kilianzisha jarida jingine, Communications in Cryptology. Yote matatu yanasomwa bure na hayamtozi mwandishi. Ukimwonyesha hayo, huenda ubishi ukaisha. Kwa vyovyote vile, iweke rasimu yako kwenye hazina ya wazi ya IACR, ePrint, mara tu inapokamilika, ili jina na tarehe yako vijulikane. Na barua pepe zile za kukualika kwenye mkutano wa hotelini, unaokubali makala ndani ya siku tatu mradi ulipe, zifute bila kuzijibu.

AFRICACRYPT kwa miaka ya karibuni hufanyika Julai, na makala hutumwa miezi kadhaa kabla, bila jina la mwandishi. Tangu 2008 umekwenda Morocco mara nyingi kuliko kwingineko, ukapita Tunisia, Stellenbosch, Dakar, Cairo, na 2024 ukawa Douala. Hadi 2025 ulikuwa haujafika Afrika Mashariki. Sababu haijafichika: Rabat na Dakar zina wanahisabati wa nadharia ya namba na wa misimbo waliolea wanafunzi kwa miaka, na uhusiano wao na vyuo vya Ufaransa ni wa karibu. Sisi tuna wahandisi wengi wazuri, na wanahisabati wetu wamekaa idara nyingine ghorofa ya juu, hatusalimiani. Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu.

Kwa hiyo kesho panda hiyo ngazi, umtafute mtu wa aljebra katika chuo chako, umwombe awe msimamizi wa pili. Mpelekee makala ya Casablanca, usome naye uthibitisho wa mikunjo ya Montgomery mstari kwa mstari. Hauhitaji zaidi ya aljebra ya mwaka wa tatu na uvumilivu. Huku ukiagiza bodi ya Cortex-M4. Jedwali la kwanza la vipimo vya SMS likiwa tayari, nitumie kabla hujaandika utangulizi, nikuambie kama namba zinatosha kwa makala au bado.